Shangazi, tamasha la maktaba ni letu au ni lao?

Mwezi huu barua zimekuja kama zilizopangana njiani. Nimechagua nne, zote zikihusu maktaba, watu Weusi, na sisi Waswahili tunaoishi nao au tunaowatazama kwa mbali. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu imenigusa. Wenye barua fupi mnivumilie.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, kwetu Morogoro, huu ni mwaka wa sita naishi Bronx, New York. Binti yangu ana miaka 10. Wiki iliyopita alirudi shule na karatasi ya kutualika kwenye tamasha la utamaduni wa watu Weusi katika maktaba ya Schomburg, Harlem, kuingia bure. Akaniuliza, "Mama, na sisi ni Weusi wa hivyo?" Nikakosa la kumjibu. Baba yake akasema hayo ni mambo ya Wamarekani Weusi, wao na utumwa wao, sisi tumekuja kutafuta maisha na tuna kwetu. Anasema tukienda tutaonekana wadandiaji. Mimi moyo unanivuta, ila naogopa kukaa pembeni kama mtu aliyeingia harusini bila kadi. Twende? Na mtoto nimjibu nini?*
*Mama wa Bronx*

Marahaba mwanangu. Nendeni. Tena nendeni wote wanne, na huyo baba avae vizuri.

Naanza na neno lake, "mambo yao", kwa sababu hata mimi nilikuja nalo. Nilifika New York mwaka 1999 kutoka Tanga, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumtunza bibi mmoja wa Harlem, nyumbani kwake, mtaa wa 138. Miguu ilikuwa imemchoka lakini akili kali kama wembe. Jumamosi moja akaniambia nimvalishe koti lake jekundu, nimkalishe kwenye kiti cha magurudumu, twende maktaba. Nikadhani ana kitabu cha kurudisha. Tulipofika kona ya mtaa wa 135 na barabara ya Malcolm X nikasikia ngoma kabla sijauona mlango. Ndani watu wa kila rika, watoto wanakimbia, wazee wamekaa viti vya mbele na kofia zao magotini. Hakuna aliyetuuliza tiketi wala tunatoka wapi.

Pale ukumbini sakafu ina duara kubwa lenye mistari inayopinda kama mito, na maneno yameandikwa juu yake. Bibi akanyoosha kidole: "Langston yuko hapo chini." Langston Hughes, mshairi, aliyefariki mwaka 1967, majivu yake yaliwekwa chini ya sakafu hiyo mwaka 1991. Mimi ni Mwislamu wa Tanga, nimefundishwa tangu utotoni kwamba kaburi halikanyagwi. Nikakisimamisha kiti pale pale ukingoni mwa duara, mikono yangu imekaza kwenye vishikio. Bibi akageuka akanitazama, akanieleza taratibu kwamba sakafu hiyo imewekwa ili watu wapite juu yake, na kwamba siku ya kuizindua waandishi Maya Angelou na Amiri Baraka walicheza dansi hapo hapo. Nikasukuma. Nakumbuka bado sauti ya yale magurudumu yakipita juu ya ile mistari ya shaba, tik, tik, tik, na bibi amefumba macho.

Ile mito ina sababu. Hughes, akiwa kijana aliyetoka tu shule, aliandika shairi ndani ya treni iliyokuwa ikivuka mto Mississippi, na katika shairi hilo Mississippi inakaa pamoja na Nile na Kongo. Hakuwa amefika Afrika bado. Alikuja kufika, na mwaka 1962 alikuwa Makerere, Kampala, kwenye mkutano wa waandishi wa Afrika. Kwa hiyo yule ambaye mume wako anadhani hatuhusu alishatutafuta sisi zamani, kabla sisi hatujafikiria kumtafuta.

Sasa mwambie habari za mwenye jina la maktaba hiyo. Arturo Alfonso Schomburg hakuzaliwa Harlem wala popote katika Marekani ya siku hizo. Alizaliwa Januari 24, 1874, Puerto Rico, wakati huo koloni la Hispania. Mama yake alitokea Saint Croix, kisiwa kilichokuwa chini ya Denmark. Alitia mguu New York Aprili 1891, kijana wa miaka 17, na Kihispania mdomoni. Yaani alifika kama tulivyofika wewe na mimi: jina ambalo watu wanaligugumia, na kazi yoyote itakayopatikana. Kwa zaidi ya miaka 20 aliajiriwa katika idara ya barua ya benki moja. Hakuwa profesa, hakuwa tajiri. Senti iliyobaki baada ya kodi ya nyumba na chakula cha watoto iliingia kwenye vitabu.

Inasimuliwa kwamba alipokuwa darasa la tano, mwalimu wake alimwambia watu Weusi hawana historia, hawana mashujaa, hawajafanya lolote kubwa. Mtoto akalibeba neno hilo mpaka utu uzima, akawa analijibu kwa kitabu kimoja baada ya kingine. Alitafuta mashairi ya Phillis Wheatley, msichana aliyetekwa Afrika Magharibi akafikishwa Boston mwaka 1761 akiwa mdogo kuliko binti yako, na mwaka 1773 kitabu chake kikachapwa. Alitafuta zile kalenda za Benjamin Banneker, mtu Mweusi aliyejifunza mwenyewe kupiga hesabu za nyota. Alitafuta beti za Kilatini za Juan Latino, Mweusi aliyekuwa msomi na mwalimu mjini Granada katika karne ya 16, na maandishi ya Toussaint Louverture, aliyewaongoza watumwa wa Haiti kupigania uhuru. Mwaka 1926 shirika la Carnegie lilinunua mkusanyiko wake kwa dola 10,000 likaukabidhi kwa maktaba ya mtaa wa 135: vitabu zaidi ya 5,000, miswada kiasi cha 3,000, na picha na michoro kiasi cha 2,000. Kuanzia 1932 yeye mwenyewe akawa mtunzaji wa hazina ile, hadi alipofariki mwaka 1938.

Hebu mwanangu litazame hilo vizuri. Nyumba ambayo leo Wamarekani Weusi wanaiona kuwa nyumba ya kumbukumbu zao ilijazwa na mtu ambaye angeweza kabisa kusema, "Hayo ni mambo yao, mimi nina kwetu Puerto Rico." Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijapata kuona mahali ambapo methali hiyo imetimia kama pale.

Neno la mume wako lililoniuma zaidi ni "wao na utumwa wao". Nalisema kwa heshima kwa sababu simfahamu na huenda alisema akiwa amechoka na kazi. Lakini yeye ni mtu wa Morogoro. Njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora kwenda Bagamoyo ilipita kwao. Pembe za ndovu zilibebwa mabegani mwa watu, na wengi wa watu hao hawakurudi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, mwaka mmoja tu kabla Schomburg hajazaliwa. Sisi tulifundishwa tarehe hiyo shuleni, tukafanya mtihani, tukaisahau. Wenzetu wa huku walikatazwa kuisoma historia yao, ndiyo maana wanaishika kwa mikono miwili. Ajue hilo kabla hajasema tena "utumwa wao".

Na mtoto umjibu nini? Mimi ningemwambia ukweli wote, hata kama una pande mbili. Mwambie: ndiyo, wewe ni Mweusi, na muuza duka anayekufuata nyuma nyuma hataki kujua babu yako alilima mahindi Kilosa au pamba Alabama. Halafu mwambie pia: babu zako hawakupita walikopita babu za rafiki zako wa darasani, kwa hiyo usiseme "tulivyoteseka sisi" kwa jambo ambalo si lako kulisema. Sikiliza kwanza. Ukiulizwa ya kwenu, simulia ya kwenu. Mtoto wa miaka 10 anaelewa vizuri sana tofauti ya kuwa ndugu na kuwa yule yule. Ana mdogo wake nyumbani, si ndiyo?

Mkiwa nje ya mlango, muonyeshe kibao cha barabara. Huyo Malcolm X, mpigania haki za watu Weusi, alifika Dar es Salaam, Unguja na Nairobi mwezi Oktoba 1964. Na Desemba 13 ya mwaka huo huo, Abdulrahman Babu, mwana wa Unguja aliyekuwa waziri katika serikali yetu changa, alisimama kwenye ukumbi wa Audubon, mitaa 30 tu kaskazini ya hapo, akahutubia watu wa Harlem, Malcolm mwenyewe akimkaribisha jukwaani. Miezi miwili baadaye Malcolm akauawa katika ukumbi huo huo. Karatasi zake, shajara zake za safari zikiwamo, zimehifadhiwa katika maktaba hiyo hiyo mnayoalikwa. Kwa hiyo siyo kweli kwamba mnaingia bila kadi. Kadi yenu ilishapelekwa na Babu, na sisi ndio tumechelewa.

Kuhusu hofu ya kukaa pembeni: hofu hiyo inakwisha ukiwa na kitu cha kufanya. Pale hufanyika tamasha la vitabu vya katuni vya watu Weusi, lilianza mwaka 2013, na tangu 2019 likaongezeka tamasha la fasihi. Maktaba iliposherehekea miaka 100 tangu ifungue idara yake ya historia ya watu Weusi, yote mawili yakafanywa siku moja, Juni 14, 2025. Kwa mtoto wa miaka 10 hakuna kitu kizuri kama zile meza za wachoraji. Mmoja wa waanzilishi wa lile tamasha la katuni ni Jerry Craft, ambaye mwaka 2020 alishinda Medali ya Newbery, na kitabu chake kikawa cha kwanza cha katuni kuipata tuzo hiyo kubwa ya vitabu vya watoto Marekani. Wachoraji wa pale huwaoni kwa mbali jukwaani tu, wanakaa mezani na kalamu zao, unasogea, unaongea nao.

Mjukuu wangu alisogea. Nilikuwa nimemsuka twende kilioni usiku wa kuamkia siku hiyo, mistari saba. Mchoraji, kijana mmoja mpole mwenye miwani, akamuuliza anataka achorwe akiwa shujaa wa namna gani. Mtoto akafikiri, akasema, "Shujaa yeyote, lakini na nywele zangu hizi hizi." Yule kijana akamwomba ageuke. Akaihesabu ile mistari kwa ncha ya kalamu bila kumgusa, moja, mbili, tatu, mpaka saba, kisha akaichora yote saba, na kila mstari akautia vile vifundo vidogo vya msuko, hakuruka hata kimoja. Wino ulikuwa haujakauka tukaenda nao tumeushika kwa ncha za vidole kama sahani ya mchuzi. Picha ile iko juu ya kitanda chake mpaka leo. Mimi nimemsuka yule mtoto miaka mingi, lakini siku ile ndiyo nilimwona akijishika kichwa kwa fahari.

Basi chukueni treni namba 2 au 3, mshuke mtaa wa 135, ukitoka ngazini mlango uko hapo hapo. Fikeni mapema. Mkae mbele. Wasalimie wazee kama ungewasalimia wa kwenu; shikamoo hawaijui, lakini mtu mdogo anayesimama kumpisha mzee kiti anaeleweka kila mahali.

*Shangazi, mimi ni kijana wa Mombasa, nafanya kazi ya kupeleka vyakula kwa baiskeli hapa New York. Nimeona tangazo la tamasha hilo. Bure kweli? Mbona wanataka tujiandikishe kwenye simu? Na nisipokuwa na vitambulisho vya hapa, sitazuiwa mlangoni?*
*Kijana wa Kisauni*

Bure kweli, mwanangu. Ni maktaba ya umma, inaendeshwa kwa kodi ya mji na michango ya wahisani, na wewe unayenunua soda unachangia kodi hiyo kila siku. Kinachouzwa ni vitabu na vitu vya mezani na chakula cha nje, na hakuna anayekulazimisha kununua.

Kujiandikisha ni kwa ajili ya kujua idadi ya watu. Unaandika jina na anwani ya barua pepe. Ila ujue kwamba kwa shughuli za bure hukubali majina mengi kuliko viti, kwa sababu wengi hujiandikisha wasitokee. Kwa hiyo kujiandikisha peke yake hakukupi kiti, anayewahi ndiye anayekaa. Saa moja kabla si mapema mno.

Kadi ya maktaba ni jambo jingine, na huihitaji kuingia tamashani, ingawa ningependa uwe nayo. Wanataka kujua wewe ni nani na unakaa wapi katika jimbo la New York. Hali yako ya uhamiaji hawaulizi. Kadi ni bure, na faini za kuchelewesha vitabu zilifutwa Oktoba 2021, kwa hiyo lile woga la wengi wetu, "nitapoteza kitabu nidaiwe mpaka kesho", lipunguze. Kitabu ukikipoteza kabisa utalipa, ukichelewa hulipi. Kumbuka tu kwamba vya Schomburg haviazimwi. Unasomea pale pale, kwenye meza, na kimya chake kinapumzisha kuliko kulala. Vya kwenda navyo nyumbani utavipata matawi ya kawaida.

Nakuombea barabara salama, hasa msimu wa theluji.

*Hujambo Shangazi. Sisi ni kikundi cha vijana Nairobi, Eastlands. Tunataka kufanya siku ya mashairi, ngoma na vitabu katika maktaba ya mtaa wetu, kama hizo za Harlem, bila kiingilio. Watu wazima wanatuambia maktaba ni ya kusoma na kunyamaza, na kwamba bila wafadhili wakubwa tutaaibika. Tuanzie wapi?*
*Vijana wa Eastlands*

Sijambo wanangu. Anzieni chumba cha chini.

Nasema hivyo kwa maana yake kabisa. Mwaka 1940, katika chumba cha chini cha maktaba ile ya mtaa wa 135, Abram Hill na Frederick O'Neal walianzisha kikundi cha tamthilia. Humo ndimo alimopita Ruby Dee, akapita Harry Belafonte. Akaja pia kijana mmoja kutoka visiwa vya Bahamas, Sidney Poitier. Mara ya kwanza walimkataa kwa lafudhi yake ya visiwani na kusoma kwake kwa shida. Akanunua redio, akajifundisha kutamka kwa kuwaiga watangazaji, akarudi. Akajitolea kufagia na kusafisha ili afundishwe kuigiza. Huyo ndiye aliyekuja kuwa mtu Mweusi wa kwanza kupata Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, kwa filamu ya mwaka 1963. Alianza na ufagio, chini ya rafu za vitabu. Wala sidhani kama palikuwa na kimya.

Na hata kabla ya hapo, mwaka 1920, mkutubi mkuu wa tawi lile, Mzungu aitwaye Ernestine Rose, alitazama mtaa unaobadilika akaona kwamba wasomaji wake ni Weusi na wafanyakazi wake sio. Mwaka huo Catherine Latimer akawa mkutubi wa kwanza Mweusi katika maktaba za umma za New York. Nyinyi nanyi mtafuteni mkutubi wenu kabla ya mfadhili. Mkutubi anayeufahamu mtaa wake ana thamani kuliko hundi.

Nyinyi mna jambo la kusherehekea ambalo halihitaji kuazima kwa mtu. Maktaba ya McMillan pale mjini ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma ndani yake, katika mji wake mwenyewe. Matawi ya Kaloleni na Makadara yako huko huko kwenu, na wanawake wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, waanzilishi wa shirika la Book Bunk, wameshafanya kazi kubwa ya kuyafufua pamoja na McMillan. Nendeni mkawaone. Na siku ya tamasha mtafuteni mzee mmoja anayekumbuka alivyopita nje ya ule mlango bila kuruhusiwa kuingia, mpeni kiti cha mbele na kipaza sauti kabla ya mshairi yeyote.

*Shikamoo Shangazi. Ninasoma chuo Ohio, kwetu Kigoma. Maktaba ya mji inaandaa sherehe ya Kwanzaa, wazi kwa wote, na wameniomba nisome zile nguzo saba kwa sababu nazungumza Kiswahili. Ukweli nimekereka. Wanayatamka maneno yetu vibaya, "Habari gani" wanaitumia sivyo, na wala babu zao hawakutoka kwa Waswahili. Nikatae kwa adabu?*
*Mwanafunzi wa Ohio*

Marahaba baba. Usikatae.

Nakuelewa, maana lugha ya mama ikiguswa mtu hushtuka. Ila fikiria walichofanya. Mwaka 1966, Los Angeles, mwaka mmoja baada ya machafuko ya mtaa wa Watts, Maulana Karenga, mwanaharakati Mmarekani Mweusi, alibuni Kwanzaa, sherehe ya siku saba, kila siku na nguzo yake. Watu wale waliporwa lugha kiasi kwamba wengi hawawezi kujua babu alisema Kiyoruba, Kiakan au Kikongo. Wakachagua Kiswahili kwa sababu si cha kabila moja, na kwa sababu miaka ile jina la Tanzania na la Nyerere lilikuwa midomoni mwa kila mtu Mweusi aliyetaka uhuru. Jina Kwanzaa limetoka kwenye "matunda ya kwanza". Angalia tarehe: siku ya nne, Desemba 29, ni ya ujamaa. Mshumaa wa ujamaa uliwashwa California siku 38 kabla ya Azimio la Arusha, lililotoka Februari 5, 1967. Wametunza neno hilo kila mwaka tangu hapo. Sisi wenyewe, je, tumelitunza?

Yule bibi wangu wa mtaa wa 138 alikuwa na kinara cha mbao, mishumaa mitatu myekundu, mitatu ya kijani, mweusi katikati. Desemba ya kwanza niliyokuwa kwake, asubuhi ya tarehe 26, niliingia na chai akaniuliza, "Habari gani?" Nilisimama na kikombe mkononi, machozi yakanilenga, kwa kuwa miezi ilikuwa imepita hakuna mtu katika nyumba ile aliyenisalimia kwa lugha yangu. Nikamjibu, "Nzuri, bibi, shikamoo." Akasubiri. Hakuwa anangoja "nzuri". Katika Kwanzaa jibu la salamu hiyo ni nguzo ya siku. Akaninong'oneza kama mwalimu anayemsaidia mtoto: "Umoja." Nikasema, "Umoja." Ndipo akapokea chai.

Kesho yake ikawa zamu yangu. Nguzo ya pili ilimshinda ulimi miaka yote, akiruka silabi ya tatu. Tukakaa kitandani pake, nikamshika mkono, nikawa nambonyeza kila silabi kwenye kiganja: ku, ji, cha, gu, li, a. Mara kumi, mara ishirini. Jioni akawapigia simu watoto wake wote, mmoja mmoja, awasikilizishe.

Kwa hiyo fika kwenye hiyo maktaba nusu saa mapema, kaa na watoto watakaowasha mishumaa, wafundishe kwa mikono hivyo hivyo. Usiwasahihishe watu wazima mbele za watu. Ikiwa kuna muda wa kuzungumza, waeleze kwamba kwetu ujima si neno la kwenye karatasi: ni watu wa kijiji kuamka pamoja kulima shamba la mmoja wao, leo lako kesho langu. Hilo watalipenda, na ni wewe tu mle ndani utakayekuwa umeliona kwa macho.

Na ukifika mlangoni tarehe 26, mtu akikuuliza "Habari gani?", unajua la kumjibu.